Biskuti za Wapiganaji

Ndama ndiye aliyemfichua Limi. Kwandu alikwenda zizini asubuhi kukamua, akamkuta ndama wake mwekundu akilamba chini kwa bidii ya mnyama aliyekwisha kuzoea. Pale chini, juu ya samadi, palikuwa na michembe. Si kipande kimoja kilichodondoka. Ilikuwa sahani nzima ya vile viazi vitamu alivyovikata na kuvianika juani kwa mikono yake, akavichemsha, akavichanganya na karanga za kutwanga. Ni chakula kile kile alichompakulia binti yake jana jioni, binti akatoka nacho nje kwa madai kwamba ndani kuna moshi.

"Limi!"

"Abee, mayu," binti alimwitikia mama yake kwa Kisukuma.

"Hebu njoo umwone mwanangu mwingine ninayemlisha."

Limi alikuja akifunga mkanda wa sketi ya shule. Mkanda ulikuwa umeongezwa tundu jipya kwa msumari. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na shingo yake siku hizi ilionekana ndefu kuliko ilivyokuwa wakati wa mavuno. Alimwangalia ndama, akaangalia pembeni.

"Tangu lini?" Kwandu aliuliza.

"Sijui."

"Wewe hujui, ndama anajua. Na mimi mpumbavu najisifu kwa majirani kwamba amenenepa kwa baraka za Mungu."

"Mayu, michembe inanuka."

"Inanuka nini?"

"Inanuka... michembe."

Kwandu nusura acheke. Aliinamisha kibuyu, akammiminia maziwa kwenye kikombe cha bati. "Haya, kunywa maziwa."

Limi alirudi nyuma hatua mbili kama aliyeonyeshwa nyoka. "Itabaki mkononi," alisema. "Harufu yake haitoki, hata nikisugua majivu." Kisha akakimbia shule, tumbo tupu, daftari kifuani. Kwandu akabaki na kikombe, asijue ampe nani.

*

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 1979. Mume wake, Ngeleja, alikuwa kwenye vita vya Uganda na wanamgambo wengine tangu kabla ya Krismasi, na barua moja tu ilikuwa imefika. Walikuwa watu wa Shinyanga. Walihamia na ng'ombe wao hadi kwenye mapori ya Biharamulo, kisha mwaka wa sogeza, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, wakabomolewa nyumba na kupangwa kwenye mistari ya kijiji hiki upande wa Nyarubungo, kama vitunguu kitaluni. Kwandu hakulalamika wakati ule. Serikali ilisema watoto watapata shule na zahanati, na kweli walipata. Alikwenda hata yeye kwenye elimu ya watu wazima, jioni, akiwa na jembe begani, akasoma mpaka akaweza kuandika jina lake na kusoma herufi kubwa za kwenye magunia.

Vita vilipoanza, kijiji kiliombwa zawadi za wapiganaji. Kila nyumba ilitoa. Aliyekuwa na kuku alitoa kuku, aliyekuwa na maharage alitoa maharage. Kwandu alitoa mtamba, ng'ombe jike ambaye alikuwa bado hajazaa, na hakuna nyumba iliyotoa zaidi ya hapo. Mifugo ikauzwa mnadani, kijiji kikanunua katoni za biskuti na makopo ya glukosi, vikafungiwa kwenye duka la kijiji kungoja lori la wilaya. Wanafunzi waliambiwa waandike vikaratasi vya kubandika kwenye pakiti. Limi ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote shuleni, basi Mwalimu Laurian alimpa kazi yote yeye. Alileta karatasi nyumbani, akalala kifudifudi karibu na koroboi jioni tatu, ulimi nje, akiandika kimoja kimoja: MPIGANAJI WETU, TUNAKUKUMBUKA. DARASA LA SITA. Mama yake alikaa akimtazama tu. Ile "M" ya Limi ilikuwa na mkia uliojikunja kama mkia wa mbuzi. Kwandu alifikiri: pengine pakiti moja itamfikia baba yake, na ataijua M hiyo.

Mambo ya shuleni aliyajua baadaye, kipande kwa kipande, na alipoyajua yote yalikuwa yamekwisha kumla mtoto.

Renatus, meneja wa duka la kijiji, alikuwa na binti aitwaye Deodata. Walikuwa darasa moja na Limi. Deodata alikuwa na dada yake Mwanza, na kila alilolisema lilianza na "kwa dada yangu Mwanza". Kwa dada yake Mwanza hawali kitu kilichokauka juani. Kwa dada yake Mwanza maziwa ni ya kopo, hayanuki ng'ombe. Saa ya mapumziko alikaa na wasichana wanne nyuma ya stoo ya majembe, na huko hakuingia mtu ila kwa kunuswa.

"Lete mkono," Deodata angesema.

Msichana ananyoosha kiganja. Deodata anakinusa pole pole, macho amefumba, kama mganga.

"Moshi. Nenda zako."

"Mtama. Nenda."

"Wewe... mh! Michembe na maziwa ya mgando. Jamani, huyu amekuja na zizi zima!"

Huyo wa mwisho ndiye Limi. Toka siku hiyo jina lake likawa Michembe. Asubuhi kwenye mchakamchaka, wakikimbia na kuimba, walimpigia kelele: "Michembe, kaa nyuma, upepo unatujia sisi!" Walisema anayekula michembe anajaa upepo tumboni na kuuachia darasani, na kila benchi lilipolia, darasa zima liligeuka kumtazama yeye. Wavulana nao walidaka wimbo.

Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kuvumilia njaa kuliko kuvumilia hilo. Limi aliacha chakula cha jioni, kisha cha asubuhi, kisha maziwa. Alisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikapasuka. Wiki ya tatu alinyoosha kiganja nyuma ya stoo, Deodata akanusa, akanusa tena, akasema, "Hainuki kitu. Kaa."

Wakampa biskuti mbili, na glukosi nyeupe kiganjani, airambe. Alipopewa pakiti yake mwenyewe aliiona ile karatasi iliyobandikwa. Aliijua M yake. Alikula.

*

Limi alianguka siku ya Jumatano, mzunguko wa pili wa mchakamchaka. Walimbeba hadi zahanati, na Kwandu alipofika alimkuta Petronila, muuguzi, akimfunua kope la chini.

"Shikamoo, dada," Kwandu alisema, maana Petronila alikuwa mkubwa kwake.

"Marahaba, mama Limi. Njoo utazame mwenyewe. Hapa panatakiwa pawe pekundu. Unaona nini?"

"Peupe."

"Peupe kama karatasi. Mtoto hana damu. Anakula nini?"

"Nyumbani kila kitu kipo. Karanga, maziwa, mayai, mlenda. Hataki."

"Hataki!" Petronila alisonya, lakini si kwa ubaya. "Basi asikudanganye mtu na vidonge. Vidonge ninavyo vya siku sita. Huyu dawa yake iko jikoni kwako. Asipokula mpaka masika yaishe, utamzika. Nakwambia wazi kwa sababu ukifichwa hutasikia."

Nyumbani Kwandu alimvua sare afue. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya pakiti iliyokunjwa mara nne, na chembechembe tamu ndani yake. Akaikunjua. Hakuhitaji kusoma yote. Aliuona mkia wa mbuzi.

"Limi, huu mwandiko wa nani?"

Mtoto alijifunika shuka mpaka puani.

"Nakuuliza. Hizi si za lori? Si za akina baba yako?"

"Deodata ndiye anayezileta. Baba yake anajua. Hata mwalimu anapelekewa, na sukari." Kisha akalia, kilio kikavu cha mtu asiye na maji mwilini. "Usiseme, mayu. Watanifukuza shule. Watasema na mimi ni mwizi wa mali ya vita."

"Ningekuchemshia mtamba mzima ule, Limi. Nimemtoa akanunuliwe biskuti za baba yako, na wewe unazila ukiwa umekalia jiwe, huku chakula changu anakula ndama."

"Hawakunicheka siku hizo."

"Nani?"

"Wote. Siku nilizokula hawakunicheka."

Kwandu angeweza kumpiga. Alikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda kukoroga uji wa karanga. Jioni ile Limi alikunywa vijiko vitano. Kesho yake kumi na viwili. Kwandu aliona tumaini, akajidanganya kwamba vita vyake vimekwisha.

*

Siku ya tatu alikuja mjumbe wa nyumba kumi: Kwandu anatakiwa ofisi ya kijiji, na mtoto. Mwalimu Laurian alikuwa ameandika ripoti kwamba mwanafunzi ameanguka kwa njaa. Na kijiji kilikuwa na sheria yake: mzazi anayesababisha mtoto akose shule hujibu mbele ya halmashauri.

Ofisi ilikuwa ndogo, basi walikaa darasani, kwenye mabenchi ya shule. Mwenyekiti Leonidas alikuwa katikati, Renatus kulia kwake akiwa na kalamu mbili mfukoni, mwalimu kushoto. Limi alisimamishwa karibu na mlango. Nje, dirishani, Deodata na wenzake walikuwa wamepanga videvu vyao kwenye ubao kama kuku kwenye kitagio.

"Ndugu Kwandu," alisema mwenyekiti, "una ng'ombe wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja. Na mtoto mifupa kumi na mmoja." Watu wakacheka. "Ninyi wenzetu mliokuja na ng'ombe mna tabia. Ng'ombe ni wa kutazama. Baba yuko mstari wa mbele anatetea nchi, mama nyuma huku anauza maziwa, mtoto anaanguka. Tuseme nini?"

"Siuzi maziwa, ndugu mwenyekiti. Na chakula kipo. Muulizeni mwenyewe."

"Ndiyo tutamuuliza." Leonidas aligeuka, sauti ikalegea kuwa ya baba mwema. "Mwanangu, usiogope. Nyumbani mama anakupa chakula?"

Limi alimtazama mama yake, kisha akalitazama dirisha. Deodata alikuwa amekunja pua, kidogo tu, kama mtu aliyeanza kusikia harufu. Kwandu aliona pua ile. Akamwona mwanawe akiiona.

"Hanipi," alisema Limi. "Kwa huyu mama hakuna chakula."

Hakusema mayu. Alisema huyu mama, kama wanavyosema watoto wa vitabuni wakimwonyesha mtu wa barabarani.

Kwandu alikuwa amekuja na karatasi akiwa ameapa kutoitoa, kwa ajili ya mtoto. Sasa vidole vyake vililifungua pindo vyenyewe. Aliinuka, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti.

"Basi someni hii. Hiki ndicho anachokula. Kimetoka kwenye katoni za wapiganaji, dukani kwa ndugu Renatus, na mwandiko huo ni wa mwanangu. Mliona wote akiandika."

Leonidas aliisoma midomo ikicheza. Renatus alitoa kalamu moja, akairudisha.

"Limi, huu ni mwandiko wako?"

"Si wangu."

"Mwalimu Laurian, wewe ndiye unayemfundisha. Unautambua?"

Mwalimu aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu. Nyuma yake, ubaoni, ratiba ya kufyeka iliandikwa na Limi wiki iliyopita kwa chaki, na kila M ilikuwa na mkia wake. Mtu aliyekaa benchi la mwisho aliweza kuona. Wote waliona. Bibi mmoja alikohoa.

"Siutambui," alisema mwalimu.

Kwa hiyo kikao kikaamua. Karatasi iliingia mfuko wa shati la mwenyekiti na haikuonekana tena duniani. Kwandu alionywa kwa kumsingizia kiongozi wakati nchi iko vitani, kosa ambalo, aliambiwa, wengine wamelala ndani kwa dogo kuliko hilo. Na mtoto? Hapo Renatus alisimama, mkono kifuani.

"Mimi sina kinyongo. Mtoto ni wa kijiji. Nitamchukua nyumbani kwangu nimlishe mpaka apate afya."

Walimpigia makofi. Walimpigia makofi wanawake waliotoa kuku zao, wanaume waliotoa maharage yao, kila mmoja akijua katoni ziko wapi na nani anazila. Sukari ya nusu kilo kwa mwezi ilitoka mkononi mwa Renatus. Mikono ile iliyopiga makofi ndiyo iliyokuwa ikiipokea.

*

Nyumbani kwa Renatus Limi hakuonyeshwa meza. Alionyeshwa karai. Deodata alimwambia siku ya kwanza, "Hapa biskuti si za wafanyakazi," akaenda kukaa na wenzake nyuma ya stoo, na siku iliyofuata jina Michembe likarudi, sasa likiwa na mkia: Michembe wa Kufua. Alipewa ugali uliobaki, jioni, baada ya sufuria kukwanguliwa. Hata huo aliurudisha nusu, kwa sababu alikuwa amekwisha kujifunza kwamba kila kinachoingia kinywani mwake kuna mtu atakicheka.

Lori la wilaya lilikuja na kuchukua katoni. Ikaandikwa kwamba zimekamilika.

Siku ya kumi Petronila alipita kwa Kwandu, hakukaa hata kwenye kigoda.

"Nimemwona anafua mashuka ya nyumba nzima. Amejishikilia ukuta. Mama Limi, kamtoe."

"Alinikana, dada. Mbele ya watu wote."

"Nimesikia. Kamtoe hivyo hivyo. Ugomvi wenu mtaumalizia akiwa hai."

Kwandu alikwenda ofisini. Leonidas alimsikiliza akichokoa meno, kisha akasema hana neno, mtoto anaweza kurudi, ila halmashauri haiwezi kubatilisha uamuzi wake hewani. Lazima yawepo maandishi. Mama akiri kwamba alimnyima mtoto chakula, kwamba alimsingizia meneja, na kwamba kijiji kimemsamehe. "Tukiweka hilo kwenye faili, mchukue mwanao hata leo."

"Mimi siwezi kuandika maneno mengi hivyo."

"Utaandikiwa." Akamtuma mtu. "Mwiteni yule mtoto. Ana mwandiko mzuri."

Limi alikuja na mikono yenye povu. Alipomwona mama yake alisimama mlangoni, mpaka mwenyekiti alipomwonyesha benchi na karatasi. Kwandu alimtazama akiikunja shingo ile ndefu juu ya meza. Mwenyekiti alitamka, Limi akaandika. *Mimi, Kwandu, mke wa Ngeleja, nakiri kwamba nilimnyima mtoto wangu chakula.* Kalamu ilisimama.

"Endelea," alisema Leonidas.

"Mzee, siyo..." Limi alianza.

"Siyo nini? Unataka kurudi kwenu au hutaki?"

"Andika," alisema Kwandu.

"Mayu..."

"Nimesema andika."

Akaandika mpaka mwisho. Mwenyekiti akamwamuru asome kwa sauti, akasoma, na kila neno lilisikika vizuri kwa sababu alikuwa msomaji mzuri. Leonidas alisogeza kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Kwandu alikisukuma pembeni. Alichukua kalamu kutoka mkononi mwa binti yake, akainama, na kwa zile herufi alizofundishwa na serikali jioni baada ya kulima, herufi ambazo hajawahi kuzitumia kwenye karatasi yoyote ya maana tangu azijue, akaandika jina lake lote. Ilimchukua muda. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

*

Njiani alitangulia, hakugeuka. Alizisikia hatua za Limi zikisimama kila baada ya muda kupumua, na yeye alisimama pia, mgongo ukiwa umeelekea huko, mpaka hatua zilipoanza tena.

Nyumbani alipika. Michembe na karanga, yai, maziwa. Hakumuuliza anataka nini. Aliweka mbele yake, mlango wazi, mchana kweupe, apitaye aone. Limi alinawa, akakaa, akala. Alikula polepole mwanzoni kama mgonjwa, kisha kwa mikono yote miwili. Machozi yalishuka hadi kwenye sahani na hakuyafuta. Wasichana wawili wa shule walipita wakichungulia, mmoja akacheka. Limi aliinua uso akawatazama, mdomo umejaa, akaendelea kutafuna.

Kwandu aliona yote. Ndilo jambo alilolililia miezi miwili, na alilinunua kwa jina lake. Alitafuta furaha ndani yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye khanga, akaikosa. Alimwona mtoto anayekula, na akajua kwamba mtoto huyu hatakufa, na akajua pia kwamba tangu leo atampenda kwa kukumbuka tu alivyokuwa akimpenda zamani.

"Mayu, wewe huli?"

"Mimi nimekwisha kuandikwa kuwa mchoyo. Kula wewe."

Limi aliweka tonge chini. "Nimekukosea."

Kwandu alichukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

"Baba akirudi, karatasi ile wakimwonyesha... tutamwambia nini?"

"Mimi sina la kumwambia. La kwangu liko ofisini, limeandikwa vizuri, hata halina kosa." Akasogeza kikombe cha maziwa mpaka kikagusa goti la binti yake. "La kwako utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, na mimi nikiwa nimekaa hapa nasikia. Kula, upate nguvu za kumwambia."